Nahodha wa Lamu na boya jekundu: kisa cha kadi ya boti Ontario

Mjomba wangu alitozwa faini ya dola 250 za Kanada kwa kuendesha boti ya futi 16 kwenye Ziwa Simcoe, kaskazini ya Toronto. Ana miaka 61. Alianza ubaharia akiwa mtoto kwenye mashua ya babake, Lamu. Akaja kuwa nahodha wa jahazi la boriti za mikoko la kwenda Mombasa. Akamalizia miaka yake ya kazi Kilindini, bandari ya Mombasa, akiwapeleka watalii kuvua. Polisi aliyemwandikia ile tiketi alikuwa kijana mpole mwenye krimu nyeupe puani, na hakupandisha sauti hata mara moja. Aliuliza kadi, akaambiwa hakuna, akatoa kalamu.

Nilikuwemo botini siku ile. Nakieleza kisa chote kwa sababu watu wetu wengi walioko huku wanaingia ziwani kila kiangazi kwa imani ileile tuliyokuwa nayo sisi, na kwa sababu kilichofuata baada ya faini kilinishangaza kuliko faini yenyewe.

Kosa letu lilizaliwa mwezi mmoja kabla. Mnamo Juni tulikodi boti bapa, zile za kukaa familia nzima na jiko la kuchomea nyama, kwenye gati moja la kukodisha. Yule mwenye gati alitupa fomu, akapita nasi kipengele kwa kipengele: jaketi ziko hapa, mtungi wa kuzima moto uko pale, mwamba uko upande ule, kasi ni hii. Mjomba akatia saini, mwenye gati akatia yake, tukaondoka. Hakuna aliyeulizwa kadi. Basi mjomba akakunja nakala ya ile fomu akaitia kwenye pochi, akajua amekwisha ruhusiwa kuendesha boti nchini Kanada.

Ile fomu kweli ni uthibitisho unaokubalika kisheria, ila ni kwa boti ile na kwa saa zile za kukodi tu. Ukirudisha ufunguo, imekwisha. Julai, mfanyakazi mwenzangu alipotualika kwenye boti yake ya alumini yenye mashine ya nguvu farasi 40, mjomba alishika usukani akiwa na karatasi iliyokufa mfukoni.

Juu ya hiyo tukaongeza imani ya pili. Mwenye boti alikuwa amekaa pembeni yake, na yeye kadi anayo. Tukadhani ni kama mwanafunzi wa gari anayekaa na mwenye leseni. Sivyo. Sheria ya kukaa na mkubwa inahusu watoto na nguvu za mashine: aliye chini ya miaka 12 haruhusiwi kuendesha peke yake boti ya zaidi ya nguvu farasi 10, na wa miaka 12 hadi kabla ya 16 mwisho wake ni 40, isipokuwa awe pamoja naye mtu wa miaka 16 au zaidi anayemsimamia. Kadi ni habari nyingine. Anaulizwa yule aliyeshika usukani, hata mwenye chombo akiwa ubavuni pake.

Na kulikuwa na imani ya tatu, ya jamaa mmoja aliyetuambia wageni wana siku 45. Siku hizo zipo, lakini ni za mgeni asiye mkaazi anayekuja na chombo chake kutoka nje. Akipanda boti iliyosajiliwa Kanada, siku hazimsaidii. Na mjomba si mgeni: ana ukaazi wa kudumu na kadi ya maktaba.

Sasa, kitu chenyewe kinachotakiwa ni nini? Watu hukiita leseni ya boti, nami nitakiita hivyo nikisahau, lakini si leseni kwa maana ya gari. Ni Kadi ya Mwendeshaji wa Chombo cha Starehe, kwa kifupi cha Kiingereza PCOC. Ukishaipata ni yako mpaka kufa. Haina tarehe ya kuisha. Kanuni zake zilianza mwaka 1999 zikaingizwa kwa awamu, na tangu Septemba 15, 2009 kila anayeendesha chombo cha starehe chenye mashine lazima awe na uthibitisho wa ujuzi, hata kama mashine yenyewe ni kile kidude cha betri cha wavuvi kisichotoa hata sauti. Usiichanganye na zile namba zilizoandikwa ubavuni mwa omo, yaani sehemu ya mbele ya boti. Hizo ni za boti, kwa boti zenye mashine ya nguvu farasi 10 au zaidi, na lazima ziwe na kimo kisichopungua sentimita 7.5. Redio ya VHF nayo ina cheti chake mbali.

Kuna kichekesho hapa ambacho mjomba alikishika mara moja. Chombo kisicho na mashine hakihitaji kadi. Angekuja na ngarawa yake na tanga lake, akavuka Simcoe yote kwa upepo, kazi ambayo inataka ujuzi mara kumi ya kuzungusha ufunguo, yule kijana wa krimu angempungia mkono.

Alilipa faini. Hakutaka kwenda mahakamani na mimi sikumshauri.

Mtihani hautolewi na serikali moja kwa moja. Wizara ya uchukuzi, Transport Canada, inazipa idhini shule binafsi, nazo ndizo zinazofundisha na kutahini mtandaoni. Unasoma kozi isiyopungua saa tatu, na saa hizo zinahesabiwa na mtambo. Ukisoma haraka ukurasa unakugomea mpaka muda wake ufike. Kisha maswali 50 ya kuchagua. Kufaulu ni asilimia 75, yaani upate 38. Lugha ni Kiingereza au Kifaransa, na hapo ndipo kila aliyesikia habari zetu alipotoa ushauri mmoja: mfanyie wewe, nani atajua?

Sitajifanya malaika, wazo lilinipitia. Kiingereza cha mjomba ni cha kuongea na watalii, cha samaki na hali ya hewa, si cha vifungu vya sheria. Lakini kabla ya mtihani unatamka kwamba unaufanya mwenyewe bila msaada, na nilipomsomea sentensi hiyo alinitazama juu ya miwani. "Ukinifanyia wewe," akasema, "basi na boti utaendesha wewe." Akavuta kiti.

Tulikubaliana nimsaidie kwenye kozi, maana hilo si kosa. Jioni tatu tulikaa mezani, mimi nikitafsiri, yeye akiandika kwenye daftari la mraba kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni, yaani madrasa. Siku ya mtihani nilitoka nje nikaosha gari ambalo halikuwa chafu.

Alipata 33.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na faida. Programu haikutuonyesha kila jibu, lakini ilionyesha mada alizoangukia, na mjomba ana kumbukumbu ya kutisha. Usiku ule tulikaa tukarudia maswali 17 aliyokosa, moja moja. Nilitegemea kukuta mitego ya lugha. Nilikuta vitu vingine kabisa.

Saba hayakuwa na jipya. Manne yalikuwa ya umri na sheria, ambayo unayajua kwa kuyakariri na si vinginevyo. Matatu yalikuwa ya vifaa: kamba ya kutupia mtu, inayoelea, urefu wake usipungue mita 15, ngazi au kitu cha kupandia tena chomboni ikiwa ukingo wa boti uko zaidi ya nusu mita juu ya maji, na lile lililomchekesha mpaka akavua miwani, upo. Yaani kopo la kufulia maji. Sheria ya Kanada inalipimia upo: lisipungue mililita 750, na mdomo wake usipungue sentimita za mraba 65. "Nyumbani," akasema, "tunakata dumu la mafuta ya kupikia." Nikamwambia dumu lake huenda likafaulu, tulipime. Tukalipima. Lilifaulu.

Matatu mengine yalikuwa ya nani ampishe nani, na haya yalinifunza mimi. Baharia wa matanga wa kwetu hahesabu sana kulia na kushoto. Anahesabu joshi na demani: upande upepo unakotoka na upande unakokwenda. Ukigeuza tanga, joshi linahama. Ni pande zinazoishi kwa upepo. Huku kwenye mashine, pande zimepigwa misumari kwenye chombo: kushoto ni kushoto hata ukienda kinyumenyume, na boti mbili za mashine zikikatizana, inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Mjomba anaijua kanuni hiyo kwa mwili, Kilindini ameitumia maisha yake yote. Lakini swali lililoandikwa kwa maneno, bila maji chini yake, alilijibu kwa kuuliza kimoyomoyo upepo uko wapi. Upepo haukuwemo katika swali.

Saba yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya niache kuuona mtihani ule kama urasimu.

Manne yalikuwa ya maboya, zile alama zinazoelea kuonyesha njia ya chombo. Aliyakosa yote manne, na nilipoyatazama majibu yake niliona jambo: hakukosea ovyo, alikosea kwa mpangilio. Kila mahali palipotakiwa kulia yeye alijibu kushoto. Ungeyasahihisha Mombasa, angepata manne kwa manne.

Maelezo yake ni haya. Mpaka miaka ya sabini dunia ilikuwa na mifumo ya maboya zaidi ya thelathini. Januari 1971 meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongana na nyingine katika mlango bahari wa Dover ikazama; siku iliyofuata Brandenburg ikaupanda mzoga wake; mwezi wa pili, wakati alama zimeshawekwa, Niki nayo ikaja ikaupanda. Walikufa watu 51. Balaa hilo likawasukuma wenye minara ya taa na maboya kutafuta lugha moja, na mwaka 1980 wakakutana Tokyo wakapatana. Karibu. Walikubaliana juu ya kila kitu ila rangi ya pembeni, kwa hiyo dunia ikakatwa vipande viwili. Kanda A, ambayo ndimo Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya Asia: ukiingia bandarini kutoka baharini, boya jekundu linakaa kushoto kwako. Kanda B, yaani Amerika zote pamoja na Japani, Korea Kusini na Ufilipino: ukiingia, jekundu linakaa kulia.

Angalia uzito wake. Taa za chombo hazikugawanyika, nyekundu kushoto na kijani kulia, Lamu na Toronto. Maboya ndiyo yaliyogawanyika. Mtu asiyejua chochote anafika huku, anasoma, anakariri. Mtu aliyeingia Kilindini usiku mara elfu huona boya jekundu na mkono wake unageuza usukani kabla akili haijauliza. Kwenye mfereji wa huku mkono huo utampeleka juu ya jiwe, na utampeleka kwa uhakika wote wa nahodha. Kwa suala hili moja, miaka arobaini ya mjomba ilikuwa hatari kubwa kuliko kutojua.

Yeye mwenyewe alilikubali polepole. Kwanza alibishana. "Kuingia, sawa. Lakini ziwani unaingia wapi? Maji yanakwenda upande gani?" Swali la haki kabisa kwa mtu wa bamvua na maji mafu, aliyezoea kungoja maji yajae ndipo apite. Simcoe halijai wala halikupwi. Jibu ni kwamba mtu amekwisha amua kwa niaba yako: upande wa kupanda mto, ambao ndio kuingia kwenyewe, umeandikwa kwenye ramani, na usipokuwa na ramani unakisia tu. Alinyamaza, kisha akaandika daftarini: *kupanda, nyekundu mkono wa kulia*. Chini yake akapiga mstari mara mbili.

Matatu ya mwisho yalikuwa ya maji baridi. Swali lilisema boti imepinduka mwezi wa tano, pwani inaonekana, ufanye nini. Mjomba alijibu: ogelea. Ni jibu la mtu ambaye bahari yake ina joto la kuogea mwaka mzima, na ambaye amekwisha ogelea kutoka chombo kilichozama zaidi ya mara moja.

Huku barafu ya Simcoe, ambayo wakati wa baridi watu huweka vibanda juu yake wakavua kwa tundu, huyeyuka Aprili. Mei jua linawaka, watu wana vikaptula, na maji bado ni ya friji. Kanada hufundisha hesabu ya moja, kumi, moja, inayohusishwa na Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, profesa aliyejitosa mwenyewe kwenye maji ya barafu ili apime. Dakika moja ya kwanza kifua kinakubana na unavuta pumzi bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ya maji, unachovuta ni maji. Ukiipita hiyo, una kama dakika kumi ambazo vidole na mikono vinakutii. Baada yake mikono ni miti. Kisha kuna kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi yenyewe. Maana yake watu hawagandi kama wanavyodhani. Wanazama mapema, wakiwa waogeleaji wazuri, wakiiona pwani. Unachotakiwa kufanya ni kuvaa jaketi kabla, kushikamana na boti, kukunja magoti kifuani, na mkiwa wengi kukumbatiana.

Nilipomaliza kutafsiri hakusema kitu. Lazima niseme hapa kwamba siku ya faini mjomba alikuwa amelikalia jaketi lake. Alilifanya mto.

Alirudi mezani kesho yake jioni. Nikaosha gari tena. Alipata 45, na kati ya maswali matano aliyokosa hakukuwa na la boya wala la baridi. Ile kadi, ya plastiki kama ya benki, ilikuja kwa posta baadaye. Alinunua jaketi lake mwenyewe, rangi ya machungwa, na filimbi akaifunga kwenye zipu kwa fundo ambalo mimi siwezi kulifungua.

Nikiulizwa sheria ile ni nzuri, nitasema ina mapungufu ambayo mtoto anayaona. Mtu hupata kadi bila kugusa boti hata siku moja. Hakuna anayekuangalia ukifunga gatini na upepo wa ubavuni, na nimewaona wenye kadi wakilipiga gati kama wanaligombeza. Mjomba huwapokea kamba zao bila neno. Lakini yeye, mwenye mikono yote ile, mtihani wa mikono usingemwambia chochote. Ulikuwa ni huu wa kubofya uliomkuta pale pasipokuwa na bahari ya kumfundisha.

Agosti yule mwenzangu alitualika tena. Safari hii tulitoka Simcoe kuelekea mashariki kwa njia ya maji ya Trent-Severn, ile ya kilomita 386 inayounganisha Ziwa Ontario na Ghuba ya Georgian kwa mifereji na milango ya maji, ile inayoinua na kushusha boti. Mjomba kwenye usukani, kadi kwenye pochi palipokuwa na ile fomu. Tulipanda mlango baada ya mlango, maboya mekundu yakipita mkono wa kulia, na kila moja alilitaja kwa sauti ndogo kama anayehesabu tasbihi: kulia, kulia, kulia.

Pale Kirkfield hupandi kwa mlango wa kawaida. Unaingiza boti kwenye beseni kubwa la chuma lililojaa maji, na beseni zima, na wewe ndani yake, linainuliwa kama mita 15. Kuna beseni la pili juu. Wanaliongeza maji kidogo, linakuwa zito, linashuka, na la kwako linapanda, kama mizani ya duka. Ni kazi ya mwaka 1907. Mjomba alisimama kushika ukingo, akatazama chini tulikotoka, akauliza fundi aliyeibuni alikuwa na akili gani.

Huko juu ndiko njia inapofika kileleni. Maji yanaanza kushuka kuelekea Ziwa Ontario, kwa hiyo kupanda kunageuka kuwa kuteremka, na maboya yanabadilishana pande. Mwenye boti alikuwa amefungua mdomo amkumbushe. Mjomba alikwisha punguza mashine. Boya la kwanza jekundu lilitokea mbele, alilitazama, akalipitisha kushoto kwake taratibu, na uso wake wote ukafunguka.

"Haya," akasema. "Sasa tunaingia Kilindini."